Maji Moto ya Ngendo wa Kagwe

Barasa, dereva wa lori la mboga, hakuwa mtu wa kubisha hodi. Kila alipotoka Ruiru na kufika Thika alipiga honi mbele ya zahanati ya misheni, akawatangazia wagonjwa wote wajipange wadungwe sindano, tena ile kubwa ya ng'ombe, na wagonjwa wakacheka hata wale wasiokuwa na nguvu za kucheka. Siku ile hakupiga honi. Alizunguka nyuma, kwenye kibanda ambamo Gathoni, muuguzi msaidizi, alikuwa akichemsha sindano, akavua kofia na kusimama mlangoni.

"Sista, toka nje kidogo."

"Nitatokaje, Barasa, na sindano ziko motoni? Kama ni nyanya, ziache hapo."

"Si nyanya. Zima stovu, dada yangu."

Lile neno "dada yangu" ndilo lililomwambia. Barasa alikuwa Mluhya wa kutoka mbali, hakuwa na udugu na mtu yeyote Thika, na tangu wafahamiane hakuwahi kumwita ila sista, kwa utani.

"Ni mama?"

"Ni mama. Amepumzika. Homugadi anayelinda lango la kijiji alinisimamisha, akaniambia nikufikishie habari. Ilikuwa alfajiri, amesema."

Gathoni hakulia. Aliuliza, "Vidonge alivimeza?"

Barasa akaigeuza kofia mikononi, akaitazama ndani kana kwamba jibu lingekuwa humo. "Hilo sikuuliza, sista. Unisamehe."

Basi Barasa mwenyewe akaingia akazima stovu, maana Gathoni alikuwa amekaa chini palepale penye majivu, na aproni yake nyeupe.

Ngendo wa Kagwe, Mungu amrehemu, alizaliwa karibu na mto Ruiru kabla wazungu hawajapanda kahawa upande ule. Kahawa ilipopandwa, akaichuma. Aliichuma akiwa msichana, akaichuma akiwa na mimba, akaichuma akiwa mjane, hata vidole vyake vikashika weusi ambao sabuni ya Jumamosi haikuuweza. Kusoma alijifunza ukubwani, kanisani, kwa sababu alitaka kuisoma Injili mwenyewe bila kusomewa. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na mtu akimkatiza alirudi mwanzo wa sura akaanza upya. Watu wa nyumbani walijifunza kutomkatiza.

Gathoni alikuwa binti yake wa pili, na kwa desturi ya Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Kwa hiyo Ngendo hakumwita mwanawe kwa jina. Alimwita Maitu, yaani mama yangu. Na Gathoni naye alimwita yeye Maitu, kama mtoto mwingine yeyote. Walipoitana uani, mgeni hakujua nani amemzaa nani. Ngendo aliufanya huo kuwa mzaha na pia kuwa sheria. Gathoni akiwa mdogo akavunja kibuyu cha maziwa, Ngendo aliinua fimbo, halafu akaishusha taratibu. "Nitampigaje aliyenizaa?" Na msichana alipotaka kwenda shule ya misheni, wajomba wakasema kalamu itamharibu, Ngendo aliwakabili wote pale uani.

"Mama yangu amesema anataka kusoma. Haya, nani kati yenu atamkataza mama yangu?"

"Ngendo, huyu ni mtoto, hata pua hajui kujifuta."

"Pua nitamfuta mimi. Shuleni ataenda."

Akaenda, akasoma, akaingia kazi ya uuguzi. Habari za viini, za nzi, za kinyesi na maji, alifundishwa kwa Kiingereza, na wagonjwa wa Thika, wengine Wakamba, wengine Waluo, wengine Waluhya, aliwaeleza kwa Kiswahili. Kikuyu kilibaki lugha ya nyumbani, na nyumbani hakuna aliyewahi kukaa na mwenziwe wakazungumza juu ya viini.

Mwaka wa 1954 hali ya hatari ikamfikia Ngendo. Serikali ilikuwa ikipigana na watu wa msituni, nayo ikaamuru kwamba watu wa mashambani waache nyumba zao, wakae pamoja katika vijiji vyenye ulinzi, wasije wakawapelekea wapiganaji chakula. Watu wa upande wa Ngendo, kupita Gitothua, walibomolewa nyumba zao, wakajenga vibanda kwa mistari, vilivyobanana hata mtu akikohoa jirani anajibu pole. Kuzunguka kijiji wakachimbishwa handaki lililojaa vigingi vya ncha kali. Lango lilikuwa moja. Maji yalikuwa ya kijito kimoja chini ya mteremko, na vyoo vya shimo vilichimbwa juu ya mteremko huohuo, kwa kuwa afisa aliyepima mahali pale aliangalia usalama wa lango, si njia ya maji.

Gathoni hakukaa na mama yake. Kazi ilimweka Thika, na kusafiri kulihitaji pasi, na pasi ilipatikana Jumapili, tena si kila Jumapili. Lakini homa ya matumbo ilipoanza kusikika katika vijiji vya aina hiyo, serikali ilimtuma bwana afya mmoja, Kisilu, Mkamba wa mashariki ya Thika, apite akifundisha watu, naye akaomba apewe Gathoni wa kumsaidia. Gathoni alimshukuru Mungu kwa magoti. Kijiji cha kwanza walichopangiwa kilikuwa cha mama yake.

Watu waliitwa barazani. Mzee wa kijiji, Gathogo, mtu mfupi mwenye koti refu la jeshi, alikaa mbele na homugadi wake. Kisilu akasimama akasema kwa Kiswahili kwamba maji ya kunywa yachemshwe, vyoo vifunikwe, mikono ioshwe. Alipoona nyuso zinamtazama kimya, akamgeukia Gathoni.

"Sista, hebu waambie kwa lugha yenu, mimi nisije nikawatukana bure."

Gathoni akasimama mbele ya watu waliomfahamu tangu alipokuwa na makamasi. Akatafuta neno la haraka, neno ambalo kila mtu analijua, akalipata. Aliwaambia maji ya kunywa yawe *mai mahiu*. Maji moto.

Wanawake wakaangua kicheko.

"Mai mahiu si ya kuogesha mtoto? Sasa tutaoga tumboni?"

"Wewe Nyawira ndiwe unayehitaji kuoga tumboni, kwa maneno yanayotoka humo!"

Hata Gathogo alicheka, bega la koti likitikisika. Ndipo Ngendo akainuka katikati ya wanawake, mrefu, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani.

"Anayesema hapo mbele ni nani?" aliuliza. "Ni mama yangu. Mama yangu amesema tunywe maji moto. Mimi kuanzia leo sinywi ya baridi, na yeyote wa mstari wetu nitakayemwona anakunywa ya baridi, tutaonana."

Wakacheka tena, lakini kicheko cha kukubali. Kisilu aliondoka pale akisema hajawahi kuona baraza lililoelewa upesi namna ile, na Gathoni njia nzima ya kurudi Thika aliimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo habari zilizomfikia hazikueleweka. Barasa, aliyepita langoni na lori lake, alisema kijijini wanazika. Gathoni alijiuliza inawezekanaje, maana hao hao walikuwa wakimtumia salamu kwamba wanafuata aliyowafundisha. Alipopata pasi ya Jumapili alifika asubuhi, akamkuta mama yake ameketi nje ameegemea ukuta, shuka mabegani, jua likiwaka. Ngendo akamwita aketi, akampa maji katika kikombe kilichofunikwa kwa kisahani.

"Kunywa, Maitu. Hatujanywa ya baridi tangu siku ile."

Gathoni akashika kikombe. Maji yalikuwa vuguvugu. Akadhani yamepoa.

"Yalitokota saa ngapi, Maitu?"

"Kutokota?" Ngendo akacheka kidogo, akashika kichwa kwa sababu kucheka kulimuuma. "Nani ametaja kutokota? Ulisema mahiu. Naweka sufuria kwenye mafiga, natia kidole. Kidole kikikataa kukaa, naepua. Wanawake wote wa mstari huu nimewafundisha mimi. Mwenzangu hapo jirani alikuwa anaepua mapema, nikamgombeza mpaka akalia."

Gathoni alikiweka kikombe chini. Aliyaelewa yote kwa mara moja, na hakuna hata moja aliloweza kulirudisha. Kwa Kikuyu maji ya kuogesha mtoto ni mai mahiu, na yaliyotokota nayo mtu akiwa na haraka anaweza kuyaita mai mahiu. Yeye alifikiria sufuria ya sindano, wao wakafikiria beseni la mtoto. Neno la kutokota lilikuwapo, *gutheruka*, kila mpishi wa uji analijua. Hakulisema.

"Maitu, si kidole," alisema polepole. "Ni mpaka yapande na kushuka, yatoe mapovu. Viini havifi kwa moto wa kidole."

Ngendo alimtazama kama mwanafunzi anayetaka kushika somo vizuri. Hakukuwa na lawama usoni mwake, na hilo ndilo lililomwumiza binti yake. "Haya. Mpaka yatoe mapovu. Nimeshika." Kisha akaonyesha kwa kidevu pembe ya kibanda, palipokuwa na vijiti na mizizi ya kahawa iliyong'olewa, vyote havizidi mzigo wa kukumbatiwa na mtoto. "Lakini kuni ni hizo. Twaruhusiwa kwenda kuokota tukiwa na askari, na wiki hii hatukuruhusiwa. Kwa hizo nipike uji, au nitokose maji. Chagua wewe, ndiwe mama."

Gathoni aliinuka akaenda kibanda kwa kibanda akirekebisha neno. Wengine walimsikiliza. Wengine walimwonyesha kuni zao. Nyawira, yule wa utani barazani, alikuwa amemzika mwanawe juzi. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imeanguka mapajani.

"Mwanangu amekunywa mahiu yako mpaka siku ya kufa," alisema. "Leo umeniletea neno jingine. Nenda, Gathoni. Sina ugomvi nawe. Nenda tu."

Akaenda kwa Gathogo. Mzee alikuwa akinyolewa ndevu chini ya paa la kituo, povu shavuni.

"Mzee, nakuomba uwaruhusu wanawake waende kuni leo. Na vile vyoo vihamishwe upande wa chini."

"Binti wa Ngendo, leo ni Jumapili, nawe wataka kunihamishia vyoo?"

"Watu wanakufa, mzee."

"Nawaona. Ndimi ninayewaandikia ruhusa ya kuzikwa." Akamwashiria kinyozi angoje. Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu wa kawaida. "Sikiza. Vyoo vilipimwa na bwana mkubwa. Nikivihamisha nitaulizwa. Kuni ziko msituni, na msituni nikiwapeleka wanawake wasirudi, nitaulizwa. Wewe unadhani koti hili linanipa nini? Linanipa joto."

"Basi niruhusu nimchukue mama nimpeleke Thika. Ana homa."

"Juzi alikuwa handakini anachimba kama kijana."

"Juzi si leo."

"Nitamwomba afisa. Akikubali, utamchukua."

Gathoni alirudi akamlaza mama yake, akamtazama ulimi, akambonyeza tumbo taratibu, akauliza kichwa kimeanza kuuma lini. Ngendo alimficha siku, akasema jana, kisha akasema wiki iliyopita, kisha akakiri kwamba hakumbuki. Gathoni alikuwa amewauguza wengi wa namna ile wodini Thika. Aliyajua yale macho yaliyolegea, ule ulimi mkavu, ile homa ipandayo kila jioni. Pale wodini angejua la kufanya saa kwa saa. Hapa alikuwa na kitambaa chenye maji na mikono yake. Alimsugua miguu, akatumia kuni zote za pembeni kutokosa sufuria moja, akayapoza na kumnywesha kwa kijiko. Ngendo akayasifu.

"Haya ndiyo yaliyotoa mapovu?"

"Ndiyo, Maitu."

"Yana ladha ya moshi," akasema, akafumba macho akiwa ametabasamu. Jua lilipopinda, jibu la afisa likiwa halijaja, homugadi alipiga filimbi ya wageni kutoka. Gathoni akatoka.

Kesho yake daktari wa zahanati alisikiliza yote, akampa vidonge vya homa ya matumbo, vile vipya vinavyotibu kweli, na barua ya kuomba mgonjwa aletwe. Barasa akamchukua kwenye lori juu ya magunia ya viazi. Njia nzima Gathoni aliomba. Aliomba kwa maneno ya kanisa, yalipokwisha akaomba kwa jina la mama yake peke yake, akilirudia.

Lango lilikuwa limefungwa. Chakula kilikuwa kimeonekana kikipelekwa nje ya handaki, na kijiji kizima kikapewa adhabu: hakuna kutoka, hakuna kuingia, mpaka aliyefanya atajwe. Aliyesimama langoni alikuwa Gichuru, homugadi aliyekuwa akikaa benchi moja na Gathoni shule ya Jumapili.

"Siwezi, Gathoni. Wakinikuta nimekufungulia, nitaingizwa mimi huko handakini."

"Pokea basi barua ya daktari. Na vidonge hivi mpelekee yeye mwenyewe mkononi. Kimoja sasa, kingine jioni, na kesho vivyo hivyo, mpaka viishe. Usimpe mtu mwingine."

Gichuru aliitazama barua, akakitazama kijikaratasi chenye vidonge, akavipokea vyote kupitia kati ya miti ya lango. Aliondoka akitembea haraka, bunduki ikimgonga mgongoni. Gathoni alingoja akishika mti wa lango. Barasa hakuzima lori, kisha akazima.

Gichuru alirudi anahema.

"Yuko macho. Anakusalimu sana. Anauliza swali."

"Swali gani?"

"Anauliza, Maitu amesema nimeze na maji gani? Anasema ya kutokota hana, kuni zimekwisha. Ya mahiu yapo, jirani amempa. Anasema hatameza mpaka umjibu, asije akakosea tena."

Yote aliyosomea Gathoni yalikuwa kichwani mwake, yamepangwa vizuri kama vyombo kabatini. Alijua maji yale yametoka kijito gani na juu ya kijito kuna nini. Alijua pia kwamba asiyemeza atakufa. Alitazama ndani ya lori kana kwamba kungekuwa na kuni; kulikuwa na viazi. Barasa alishuka, akatoa chupa yake ya chai, akaitikisa. Ilikuwa tupu.

"Mwambie yoyote," Gathoni alisema. "Mwambie ameze na maji yoyote. Mwambie mimi nimesema."

"Yoyote?"

"Yoyote, Gichuru. Kimbia."

Gichuru alikimbia. Hakurudi, maana sajini wake alimwita upande wa pili, na Barasa alikuwa na viazi vya watu. Wakarudi Thika. Kuanzia siku ile mpaka Barasa aliposimama mlangoni na kofia mkononi, Gathoni hakupata neno lolote la kijijini, wala barua ya daktari haikujibiwa.

Ruhusa ya kuzika ilitolewa adhuhuri, na Gathoni akapewa pasi ya kuingia mpaka jioni. Lango lilifunguliwa nusu. Alipopita, alimuuliza Gichuru kuhusu vidonge. Gichuru alisema alimfikishia jibu, akamwona akimeza cha kwanza, na kwamba vingine hajui, kwa kuwa alihamishwa zamu.

Ngendo alikuwa amelazwa kibandani mwake chini ya blanketi. Gathoni aliomba maji na sabuni, akamwosha pamoja na Nyawira, aliyekuja bila kuitwa. Walipomaliza, Gathoni alimwambia Nyawira anawe mikono kwa sabuni hadi viwiko, akanawa, naye akanawa baada yake. Walimfunga katika blanketi lile na shuka moja. Sanduku halikupatikana.

Kaburi lilichimbwa nje ya handaki, penye makaburi mapya mengine, na homugadi wanne walisimama wakilinda. Waliruhusiwa watu wachache: wanawake wa mstari wake, wazee wawili wa kanisa, na Gathogo aliyevua koti lake akalishika mkononi. Barasa alikuwa amengoja barabarani; alipoona wabebaji hawatoshi, akaja akashika upande wa miguu. Zacharia, mwinjilisti, alisoma zaburi kwa Kikuyu, akaomba kwa kifupi, akamkabidhi Ngendo wa Kagwe mikononi mwa Mwokozi wake. Waliimba wimbo mmoja, beti mbili, mpaka sajini alipoonyesha saa yake.

Gathoni alitupa udongo wa kwanza, kisha wanawake, kisha wanaume wakachukua majembe. Walipomaliza kusawazisha juu, Zacharia alichomeka msalaba wa vijiti viwili vya mti wa kahawa. Wanawake walirudishwa kijijini wakiwa wamepangwa mstari, na lango likafungwa nyuma yao. Gathoni alimshika mkono Zacharia, akamshika mkono Gathogo, akapanda lori la Barasa, wakaondoka kuelekea Thika.